Ng'ombe wa Ndani ya Pipa

Sosi ya soya ikimwagwa kwenye sufuria ya moto, harufu yake hunitoa mkahawani hata kama nimeshalipa, na mnaonijua mnajua kwamba nikishalipa siondoki hivi hivi. Wenzangu husikia njaa. Mimi husikia mbao zilizolowa, chumvi, na kitu kama mkate uliosahauliwa mfukoni. Halafu naisikia sauti ya baba yangu ikitoka chini, kama ya mtu anayeongea kisimani.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Al Qusais, ng'ambo kwa Waarabu, chumba kimoja chenye pazia katikati. Mama alisafisha nyumba za watu Jumeirah Village Circle. Baba alifanya kazi mitaa miwili nyuma yetu, kwenye ghala la mzee wa Kijapani aliyekuja na mapipa yake ya mwerezi, mapana kuliko chumba chetu, akawa anatengeneza sosi kama babu zake walivyotengeneza: soya, ngano, chumvi na subira ya zaidi ya mwaka. Siku moja ya likizo Mama alikosa wa kuniacha naye, nikapelekwa kiwandani. Mzee alikuwa na sharti moja: mgeni asile kitu kilichochacha asubuhi hiyo, maana vijidudu vyake vitagombana na vya mapipa. Kwa hiyo nilinyimwa maziwa mala, nikafika nimenuna.

Mzee alinivalisha kofia ya karatasi. Akayainamia mapipa kabla ya kuyafunua, nami nikainama, nikidhani yatajibu. Ndani, rojo la kahawia lilitoa mapovu polepole kama uji usio na haraka. Nikapewa tone kwenye kidole. Chumvi kwanza, halafu utamu, halafu ladha ya nyama pasipo nyama. Nikaomba la pili, kuhakikisha.

Pipa la mwisho lilikuwa tupu, na Baba alikuwa anashuka ndani kulisugua kwa maji na burashi, kwani sabuni ilikuwa marufuku. Niwaambie mapema jambo ambalo mimi sikuambiwa: rojo likichacha hutoa hewa nzito isiyoonekana, nayo hutuama chini ya pipa kama maji. Ukiivuta unapumbaa, kisha unalala, na huamki. Feni ya kupuliza hewa safi ilikuwa imeharibika. Mpya ilikuwa inakuja kesho, inshallah, tangu wiki iliyopita.

Basi Baba na mwenzake Wasswa, Mganda mwenye mikono kama makoleo, walijitengenezea kipimo chao. Kamba kiunoni kwa Baba, ncha yake mikononi mwa Wasswa, na juu yake biashara ya ng'ombe ambaye hakuwapo. Walishagundua kwamba akili ikianza kulala, kitu cha kwanza kumtoka mtu ni ubishi.

"Baba Nekesa! Yule ng'ombe bado unaye?" Wasswa akaita kutoka juu.

"Elfu nne, dirham. Na usimkodolee macho, ana haya."

"Banange! Anakamuliwa petroli? Elfu moja."

"Kwa elfu moja nakuuzia picha yake."

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Burashi ilikwaruza, ng'ombe akasifiwa kwato, akatukanwa pembe, akashuka bei kwa shida. Kisha mkwaruzo ukapungua.

"Mia tano," Wasswa akasema.

Halafu sauti ya Baba, laini, kama anatabasamu: "Haya. Mchukue tu."

Nilipiga makofi kwa ajili ya Wasswa. Yeye alikuwa ameshaanza kuvuta kamba.

Baba alitoka na uso wa majivu. Alitapika mferejini, akakaa akivitazama viatu vyake kama vya mtu mwingine. Mzee akavua kofia. "Khalas, imetosha," akasema. "Hospitali."

"Hospitali hapana, sir. Rojo jipya linaingia jioni." Baba akamgeukia Wasswa, akashusha sauti. "Wakiandika sifai kazi, viza imekwenda. Na ya mtoto imo ndani ya yangu."

"Basi nishuke mimi."

"Nikuvute kwa mikono hii? Wewe unaweza kunitoa. Mimi siwezi kukutoa."

Mzee alikwenda ofisini, akarudi na feni ndogo ya mezani kwake, akaifunga kwenye ngazi. Baba akashuka tena. Wasswa akaizungusha kamba kwenye kiganja, akaanza kuulizia ng'ombe, akakosea hata bei. Akanitazama.

"Nekesa, sasa mnunuzi ni wewe. Usimwache anyamaze."

Nilianza na mia. Baba akasema hiyo ni ya mkia. Nikapanda. Nikaongeza begi langu la shule, nikaongeza viatu. Nikafika elfu nne yenyewe, akasema bei imebadilika tangu asubuhi. Nikasema elfu tano. Akasema ng'ombe ana mimba, kwa hiyo hao ni wawili. Hata alipopanda ngazi mwenyewe, amelowa chapachapa, hakuniuzia.

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, watu wakimtazama Baba kwa jicho baya. Wasswa alikubaliwa kwa mia tano, mtoto wake wa kumzaa akakataliwa kwa elfu tano! Baba alinishika mkono, hakunibembeleza. Aliendelea na mapipa yale miaka mingine mitatu, na kichwa hakikuacha kumuuma.

Nilikuwa mtu mzima Wasswa aliponieleza ile biashara ilikuwa ya nini. Kila "hapana" ya Baba ilikuwa inaniambia kwamba bado yupo. Mimi nilikuwa nalilia "ndiyo".