Kamera ya Mtu Mwenye Haraka

Nimewaona watoto wengi wakilia kwa kukosa zawadi. Sikuwahi kumwona mtoto akilia kwa kupewa, mpaka alasiri ile nilipomkabidhi mjukuu wangu kamera.

Hayakuwa machozi ya furaha, msinikimbilie na hilo. Alikaa sakafuni, akaiweka kamera mapajani, akalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nitalieleza jambo hili tangu mwanzo, na ninaomba mtu asinikatize kwa maoni kabla sijamaliza.

Jina langu ni Obdulia. Hapa Camagüey wengi huniita Mwalimu, kwa kuwa nimefundisha sarufi katika mji huu tangu ujana wangu, na hata baada ya kustaafu nimeendelea kufundisha watoto sebuleni kwangu. Nilikuwa nikiishi na binti yangu Yamilka pamoja na mwanawe, Leyanis.

Leyanis alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na mitano.

Kwetu, msichana akifikia umri huo unaweza kukosa keki, unaweza kukosa muziki, unaweza hata kukosa umeme. Picha huwezi kukosa. Msichana huvishwa gauni la kukodi, hupigwa picha akiwa kama malkia, na albamu hukaa mezani kwa bibi mpaka bibi aondoke duniani.

Albamu yangu ipo. Ya Yamilka ipo kando yake. Nilitaka ya Leyanis iwe ya tatu. Sikuwa nikitaka kitu kingine chochote mwaka ule.

Wapiga picha wa mjini hutaka dola, na wakishapewa dola humlaza mtoto juu ya boneti la gari la watu, nusu uchi, wakaiita hiyo sanaa. Simu yangu ina ufa kwenye lenzi. Kila anayepigwa picha kwayo hutoka kama yumo ndani ya mvuke. Zile kamera kubwa za kuning'iniza shingoni ni nzito, na vidole vyangu vina baridi yabisi.

Nikaamua kutafuta kamera ya mfukoni iliyo bora, ili nimpige picha mjukuu wangu kwa mkono wangu, akiwa amevaa nguo kamili.

Nilijisomea kwanza. Nilijifunza kwamba wauzaji husifia wingi wa megapikseli, ilhali ubora umo katika lenzi na katika kihisi kinachopokea mwanga. Nilijifunza kwamba nyingi ya kamera ndogo ni takataka zenye kasha la kung'aa, na kwamba zile chache zilizo nzuri hazishikiki kwa bei.

Ndipo nikaliona tangazo katika kundi la mtandaoni la kuuza na kununua.

"Kamera ya mfukoni. Kali sana. Haijachoka. Mwenyewe ana haraka."

Kila mtu wa hapa anayaelewa maneno hayo ya mwisho. Mwenyewe anaondoka nchini.

Anayeondoka hasemi. Watu huamini kwamba safari ikitajwa kabla ndege haijapaa itaharibika: mtu atamwonea kijicho, au karatasi zitakwama mahali. Kwa hiyo vitu vyake hupelekwa kwa mtu wa mtaa wa mbali, vikauzwa sebuleni mwa mtu huyo, na mnunuzi mwenye adabu haulizi ni vya nani.

Mimi ni mtu mwenye adabu. Sikuuliza.

Nilivuka mji kwa miguu mpaka ng'ambo ya reli, kwa mwanamke aitwaye Nereida.

"Wa mwisho ni nani?" niliuliza mlangoni, kama inavyompasa kila anayejiunga na foleni.

"Ni mimi," alijibu mzee mmoja aliyekumbatia feni. "Lakini mimi nimeshanunua, shangazi. Nimekaa tu, miguu ipoe. Pita."

Sebule ilijaa maisha ya watu waliokuwa njiani: masufuria, viatu, godoro lililokunjwa, picha ya Bikira ikiwa imegeuzwa kuelekea ukutani. Nereida alikuwa na vibiringisho nyweleni na simu mbili kiunoni.

"Kamera? Mama yangu, umefika kwenyewe! Hiyo siyo kamera, hiyo ni mtambo."

"Kama ni mtambo nitaona mwenyewe."

Niliiwasha. Lenzi ilichomoza bila kusita. Nilimpiga picha mzee wa feni pale pale gizani, kisha nikaikuza picha mpaka nikaziona ndevu zake, unywele mmoja mmoja.

"Huyo ni mimi?" aliuliza, akinyoosha shingo.

"Ni wewe."

"Basi futa."

Nereida alinionyesha mlango wa betri. "Hapa pana ujanja wake. Unabonyeza kwanza, halafu unasukuma. Ukivuta kama wanavyovuta wengine, utakesha. Mwenyewe ndiye alinielekeza."

Ilikuwa kamera bora kuliko nilivyotarajia, na sura yangu haikuonyesha hivyo hata kidogo.

Alitaja bei. Nilitaja yangu.

"Uuu! Mama, hata hiyo niliyotaja ni bei ya kutupa."

"Basi itupe, niiokote."

Mzee wa feni alicheka mpaka feni ikatetemeka. "Nereida, leo umepatikana!"

Nereida aliingia jikoni kumpigia mwenyewe simu. Alirudi akiwa mpole.

"Anaomba umfikirie. Ana mtoto."

"Kila mtu ana mtoto. Mimi nina mjukuu."

"Anasema hata nusu tu ya hicho unachokata, muongezee."

"Anaondoka lini?"

"Mama, hayo hayaulizwi."

"Sikuuliza ni nani. Nimeuliza lini."

Alishusha sauti. "Jumamosi."

"Leo ni Jumatano. Mwambie atafute mnunuzi mwingine kabla ya Jumamosi. Mimi nitakaa hapa na bwana huyu wa feni."

Nikakaa.

Nereida alirudi jikoni. Alipotoka alinitazama kwa namna ambayo mwanamke humtazama mwanamke mwenzake aliyemshinda. "Una roho ya chuma cha reli. Haya, chukua. Kasema nikuachie."

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Katika mji mzima hapakuwa na bibi aliyenunua kitu kizuri namna ile kwa fedha ndogo namna ile.

Leyanis alikuwa mezani akisoma. Nikamwekea kamera juu ya daftari.

"Ya kwako. Miaka kumi na mitano haiji mara mbili. Nitakupiga picha mimi mwenyewe, na hutalala juu ya gari la mtu."

"Bibi..."

"Usiseme kitu. Kwanza sikiliza, kwa sababu mlango wake wa betri una..."

Sikumaliza. Kidole chake kilibonyeza, kikasukuma. Hakutazama hata. Mlango ukafunguka.

"Nani amekufundisha hivyo?"

Ndipo alipokaa sakafuni na kuanza kulia.

Yamilka alitoka jikoni na birika la kahawa. Aliiona kamera. Alilitua birika polepole mno, kama linaweza kulipuka.

"Mama, hiyo umeitoa wapi?"

"Nimeinunua ng'ambo ya reli, kwa mwanamke aitwaye Nereida, na kwa bei ambayo..."

Yamilka alicheka. Nimemlea binti yule na sikuwahi kukisikia kicheko kile.

"Kumbe yule bikizee ni wewe."

"Chunga ulimi wako."

"Nereida kanipigia jasho linamtoka. 'Dada, kuna bikizee kaning'ang'ania kama kupe, na sasa kakaa kabisa, hatoki.' Nikamwambia mwachie, mtu wa hivyo hana mtu duniani. Mtu wa hivyo ni wewe, mama. Hiyo kamera ni yetu."

"Yenu na nani?"

"Osniel alimtumia Leyanis."

Osniel ni baba yake Leyanis. Aliondoka kwenda Tampa, ng'ambo ya bahari, bila kuniaga, akimwacha binti yangu na mtoto mchanga. Siku ile nilitamka kwamba hakuna kitu cha mtu yule kitakachovuka kizingiti changu, na tangu hapo sikuona kitu chake kikivuka. Kumbe kilivuka, kikafichwa kabatini katikati ya mashuka, na wawili hao walikuwa wakikitumia kila nilipokwenda kupanga foleni ya mkate.

Nilikuwa tayari kulisema hilo. Kisha lile neno la tangazo likanifikia, likiwa limechelewa.

Mwenyewe ana haraka.

"Jumamosi," nilisema.

"Jumamosi," alisema Yamilka. "Mimi na Leyanis. Karatasi zimetoka. Osniel ndiye aliyezihangaikia."

"Na mimi ningeambiwa lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Mama!"

"Nimekuuliza saa ngapi."

"Usiku."

Leyanis alikuwa bado sakafuni. "Bibi, hakuna mtu anayesema. Unajua. Jirani wa juu alisema, wakamkwamisha."

"Mimi si jirani wa juu."



Yamilka alimimina kahawa, kisha akanisukumia kikombe. "Unajua fedha ya kamera ilikuwa ya nini? Mpiga picha. Alikuwa aje Ijumaa na gauni, ampige Leyanis picha humu ndani, pamoja na wewe. Albamu ingebaki kwako. Hicho ulichotoa hakitoshi hata kukodi gauni. Umeibomoa albamu yako mwenyewe, mama, na ukarudi unatabasamu."

Sikuinywa kahawa ile.

Leyanis alijifuta uso kwa mkono. Ni mtoto asiyeweka kinyongo. Sijui amemrithi nani. "Lakini kamera si tunayo? Imerudi. Bibi atanipiga picha mwenyewe. Itakuwa nzuri zaidi."

Ijumaa alasiri alijitokeza na gauni jeupe la kuazima kwa rafiki yake. Alikuwa amezibana nywele juu. Alisimama kando ya dirisha la uani, ambako jua huingia likiwa limekwisha kuchujwa na majani, na kamera ilikuwa mezani, mbele yangu, ikiwa imewashwa.

"Bibi, njoo. Mwanga ni mzuri."

Mwanga ulikuwa mzuri. Niliiona picha ile kamili kabla ya kuipiga: shingo, mkono juu ya kizingiti cha dirisha, kidevu alichokirithi kwa marehemu mume wangu. Nilijua hata mahali pa kusimama.

Mkono wangu haukuinuka.

"Hicho ni kitu cha baba yako," nilisema.

"Ni chako. Umekilipia."

"Nimekilipia bila kujua."

"Moja tu, Bibi. Tafadhali."

"Nikishasema neno, Leyanis, nimelisema."

Yamilka aliita kutoka chumbani, "Mwache! Akishaziba masikio, kaziba!"

Mtoto hakuondoka. Alibaki amesimama vile vile, akitabasamu kidogo, kama anayengoja mtu aliyechelewa kwa bahati mbaya tu. Jua lilihama kutoka usoni kwake, likapanda begani, likaenda ukutani. Kamera ikajizima yenyewe kwa kuachwa bila kazi, lenzi ikarudi ndani.

Ndipo akaenda kulivua gauni.

Jumamosi asubuhi walinibusu wakaondoka. Sikwenda uwanja wa ndege. Yamilka alisema kamera ibaki, maana niliilipia, na kwamba hataki nije nidai kuwa aliniibia. Nikamwambia hata mawazo hayo ni ya Osniel. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoambiana ana kwa ana.

Siku ya kuzaliwa ya Leyanis ilipita. Kule alipigwa picha. Alinitumia moja kwa simu, nami niliketi na kuingoja ifunguke. Ilishuka polepole kutoka juu: anga, nywele zilizobanwa, paji la uso. Ilipofika kwenye nyusi umeme ulikatika, mtandao nao ukaondoka.

Majirani wananiambia nimwombe aitume tena. Sijamwomba.

Najua mtakayoandika chini ya simulizi hii. Kuna atakayesema nina kiburi, na kuna atakayesema binti yangu hana shukrani. Andikeni, lakini kwa sentensi kamili.

Mimi nitasema mawili tu.

Ninyi mnaoondoka, waambieni watu wenu mapema, hata kama mnaogopa kwamba safari itaharibika. Mtu akiambiwa Jumatano kwa bahati mbaya hapati muda wa kukasirika mpaka akamaliza. Mimi nilikuwa bado nimekasirika Jumamosi, gari lilipokuja.

Na ninyi mnaotafuta kamera nzuri kwa bei ya kutupa, mnayo haki ya kukagua lenzi, kihisi na betri. Kagueni. Lakini kabla ya kuibana bei, ivunjeni adabu kidogo, mkaulize kitu hicho kimetoka katika nyumba gani.

Changu kilikuwa kimetoka chumba cha pili cha nyumba yangu mwenyewe.