Unga wa Shemeji

Sijawahi kumpenda mdogo wa mume wangu, na sioni sababu ya kuanza kwa kudanganya. Alipohamia Geita akitokea kwao Ibadakuli, Shinyanga, alikaa kwetu karibu mwaka mzima. Alikula, akafuliwa nguo, halafu akatuambia kwamba tunaishi kama wazee. Mume wangu alikuwa anaendesha karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwenye mgodi mdogo nje ya mji. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Jioni tulirudi tumechoka, tukapenda kukaa. Kwa shemeji, kukaa ulikuwa ugonjwa.

Alipopata banda la mabati karibu na soko, akafungua jimu. Vyuma vyake vilikuwa gia chakavu za mitambo ya machimbo, amezichomelea kwenye vipande vya bomba. Alasiri banda lile lilikuwa tanuri. Hata hivyo watu walikuja: vijana wa machimboni, wauza simu, na baadaye akina mama waliotaka kupunguza tumbo. Shemeji alivaa filimbi shingoni na kuipuliza hata pale ambapo angeweza kusema tu.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya presha. Nesi wa kliniki alinipima, akanipima tena, akaniambia nipunguze chumvi na niutikise mwili. Nikaona heri niutikise bure kwa ndugu kuliko kulipia kwa mtu baki. Wiki za mwanzo nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa nalala vizuri, na ngazi za shule hazikunitoa pumzi tena.

Kisha ukaja unga.

Ulikuja kwenye makopo makubwa meusi yenye picha ya mwanamume mwenye kifua cha fahali. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Shemeji alichota kijiko, akamimina kwenye chupa ya maji, akatikisa mpaka maji yakawa mekundu kama sharubati ya dukani. Sheria yake ilikuwa moja: usinywe kabla wala baada, unywe katikati. Ukishusha chuma, piga funda. Ukinyanyua tena, ukishusha, piga funda.

"Shemeji," aliniambia mara ya kwanza, "bila hiki unajitesa bure. Jasho linatoka na nguvu zako zote. Hiki kinazirudisha papo hapo."

"Ndani mna nini?"

"Vitamini."

"Vitamini gani?"

"Mwalimu bwana! Kunywa, utaona mwenyewe."

Nilikunywa, nikaona. Ngozi ya uso na mikono ilianza kuniwasha kama nimepita kwenye upupu. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimesimama tu. Nilipomwambia, aliwageukia wenzangu akacheka: "Mnaona? Imeanza kufanya kazi!" Siku kadhaa baada ya hapo, nilipokwenda kliniki, presha ilikuwa juu kuliko mwanzo. Nikaacha. Nikawa naenda na chupa yangu ya maji, na kabla ya kutoka nyumbani nakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mama mkwe alikuwa anatutumia kutoka Shinyanga, pamoja na karanga.

Shemeji hakunisamehe hilo. Kila nilipoingia alipuliza filimbi. "Karibu, mwalimu wa michembe! Jamani, msikae karibu naye, atawarudisha kijijini." Walicheka, na wengine walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu. Nilitabasamu kwa meno. Moyoni nilikuwa nachemka.

Kilichoniuma zaidi ni mume wangu. Yeye alikuwa anafanya kazi ya kubeba na kusukuma kutwa nzima, mwili wake ulikuwa mgumu hata kabla mdogo wake hajajua chuma ni nini. Lakini naye akaanza kwenda, akaanza kunywa. Nyumbani akawa hataki kula. "Nimeshiba," alisema, huku mikono ikimtetemeka kwenye sahani. Nilipomwambia ni ule unga, alijibu, "Wewe humpendi mdogo wangu, kwa hiyo hata akileta dawa ya uhai utasema ni sumu." Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo.

Mwishoni mwa kiangazi, mvua zikiwa zimechelewa, shemeji akatangaza mashindano. Alikuwa amepata tairi lililokwisha la lori kubwa la mgodini, tairi linalomfika mtu kifuani, akalifunga kamba. Atakayelivuta mbali zaidi kwenye uwanja wa nyuma ya banda angepewa kopo zima la unga. Wiki ile mume wangu alikuwa zamu ya usiku; alitoka kazini asubuhi, akanywa chai ya rangi, akaenda. Nilimfuata. Sikuenda kumshangilia.

Jua lilikuwa limekaa utosini. Walivuta kwa zamu, na kila aliyemaliza zamu shemeji alimkabidhi chupa nyekundu. Maji ya kawaida hayakuwepo. Niliuliza yako wapi, nikajibiwa kwamba maji ni ya kuogea. Mume wangu alivuta, akanywa, akavuta tena, akanywa tena. Watu walipiga makofi. Mara ya mwisho tairi lilisogea kidogo tu, likagoma. Aliachia kamba, akapiga magoti, akatapika wekundu mtupu kwenye vumbi. Misuli ya miguu ilimkaza mpaka akalia kwa sauti, mtu mzima ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akilia. Niliweka kiganja kifuani kwake. Moyo ulikuwa unadunda ovyo, mara unakimbia, mara unaruka.

Shemeji alikuja na chupa. "Amepungukiwa tu. Mnyweshe tena atakaa sawa." Akampelekea mdomoni.

Niliipiga ile chupa. Iliruka, ikampiga shemeji kifuani, ikamlowesha fulana yake nyeupe mpaka chini.

"Shemeji, una wazimu?" akanifokea.

"Mguse tena na hicho kitu uone!"

"Unaniaibisha mbele ya wateja wangu!"

Kaka yake alikuwa anagaagaa chini, naye anataja wateja. Nikamtukana tusi la Kisukuma ambalo mwalimu hapaswi hata kulijua. Kisha nikachukua kopo lililokuwa mezani, nikawaomba vijana wawili wanisaidie kumbeba mume wangu hadi kwenye bajaji, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mkali. Alimwekea dripu, akampima moyo kwa mashine, kisha akauliza amekunywa nini. Nikampa kopo. Aliligeuza, akatafuta maneno machache aliyoyatambua.

"Hapa mna kichangamsho kilekile cha kahawa," alisema, "ila kingi. Na vingine sivijui. Huyu mtu amekula?"

"Chai tu."

"Na alitoka kazini?"

"Zamu ya usiku."

Aliliweka kopo mezani kwa kishindo. Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba muda mrefu: je, kunywa vitu hivi katikati ya mazoezi kuna faida yoyote, hata kwa mwenye presha kama mimi?

"Mtu anayefanya mazoezi ya saa moja, aliyekula vizuri, anahitaji maji," alisema. "Anayekaa juani muda mrefu akitoka jasho jingi, maji yenye sukari na chumvi kidogo yatamsaidia. Wewe mwenye presha, chumvi hiyo haikuhusu. Lakini kumpa mtu mwenye njaa na kiu kitu cha kukimbiza moyo, halafu umwambie avute tairi? Nani alimpa?"

"Mdogo wake."

"Basi mtafute ndugu mwingine," akasema, akaondoka.

Mume wangu alilazwa, kisha akaruhusiwa. Moyo ulitulia. Nyumbani hakukutulia. Mama mkwe, ambaye wote tunamwita mayu kama Wasukuma wanavyomwita mama, alipiga simu kutoka Ibadakuli.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Nasikia umempiga mwanangu mbele za watu."

"Nilipiga chupa, mayu. Alikuwa anamnywesha mwanao mwingine aliyekuwa anakufa."

"Hakufa."

"Hakufa kwa sababu niliipiga."

"Utamwomba radhi."

Nilimwambia, kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya, kwamba siombi. Alikata simu. Mifuko ya michembe ikakoma kuja. Mume wangu alisikiliza yote akiwa amelala kwenye kochi. Baadaye alisema, "Ungempokonya tu polepole." Nilitoka nje, nikafua nguo zilizokuwa safi.

Hakurudi kwenye jimu, lakini hakuwahi kusema kwamba unga ndio ulimwangusha. Alisema lilikuwa jua. Wengine nao walisema jua. Banda liliendelea kujaa, na mwalimu mwenzangu tuliyekuwa tunakaa ofisi moja alikuwa anakuja kazini na chupa nyekundu kwenye mkoba. Nilimweleza maneno ya daktari. Aliniambia, "Lakini mimi naisikia ikifanya kazi." Nikaacha kueleza. Nilianza kutembea kwa kasi alfajiri na jirani yangu, barabara ya vumbi, tukibeba maji yetu, na presha ilishuka taratibu.

Tulikutana tena na shemeji kwenye msiba wa baba yao mdogo, Ibadakuli. Nilikuwa nagawa chakula. Alifika mbele yangu na sahani, amenenepa shingo, filimbi haipo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Bado umenikasirikia?"

"Ndiyo."

Alisubiri, labda akidhani nitaongeza neno la kulainisha. Wanawake waliokuwa wanapakua pamoja nami waligeuka kutuangalia. Nilimwekea ugali, nikamwekea nyama, kipande kizuri, kwa kuwa msiba ni msiba. Alikaa kwenye mkeka karibu na kaka yake, wakala pamoja, wakacheka kitu ambacho sikukisikia. Nami nikamhudumia aliyefuata.