Maji Niliyoyatia Kwenye Pikapu

Mwezi uliopita tulikutana nyumbani Kawetele, mimi na kaka zangu wawili, kumalizia mambo yaliyobaki baada ya mazishi ya baba. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, pikapu yake ilikuwa bado imeegeshwa palepale ilipozimika mara ya mwisho, magurudumu yamezama ardhini, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Tulikubaliana iondoke. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipokuja alifungua boneti, akachungulia, akaguna.

“Gari zima limeoza, ila rejeta bado ina afadhali. Hii ilibadilishwa.”

Kaka mkubwa akacheka. “Ilibadilishwa, ndiyo. Tulikuwa na fundi mmoja hapa kijijini, bure kabisa. Rejeta imeziba, yeye anahangaika na pampu.”

Wote wakacheka. Mimi nikasema naenda kuangalia chai jikoni, na chai ilikuwa haijabandikwa. Nina miaka arobaini na miwili, nina watoto wanaonisikiliza ninapowafundisha kusema kweli, na nilisimama kule jikoni nimeshika sufuria tupu, uso unawaka.

Ngoja nikueleze kuanzia mwanzo.

Siku hizo baba alikuwa anakusanya maziwa. Alfajiri, kabla ukungu haujainuka, alikuwa ameshatoka na pikapu kuteremka Masoko, akisimama kila penye mama na ndoo yake kando ya barabara, kisha anapanda tena hadi kituo cha kupozea maziwa pale Tukuyu mjini. Sauti ya utoto wangu ni ile ya madumu yakigongana nyuma ya gari, na mvua juu ya bati, maana kwetu mvua haikuwa habari. Habari ilikuwa siku isiponyesha. Nyumba ilinuka moshi, maziwa mabichi na ndizi alizozipika bibi na maharage tangu jana yake. Tulikuwa tunaheshimiwa. Mtoto wa mwenye pikapu alijulikana hata shuleni.

Kila mtu pale nyumbani alikuwa na kazi yake ya asubuhi. Mama alikamua, kaka zangu walikata majani ya ng'ombe. Mimi, niliyekuwa na miaka kumi, nilipewa kazi ya maji. Ndoo moja ilikuwa ya bibi ya kupikia, na dumu dogo lilikuwa la pikapu, kwa sababu rejeta ilikuwa inavuja kidogo na ilibidi iongezwe maji kila siku. Bibi aliiita “lejeta”, na alikuwa akiniambia nisiisahau, kwani nayo inasikia kiu kama ng'ombe.

Maji yote yalitakiwa kutoka kwenye chemchemi, kule bondeni. Njia ilikuwa mteremko wa tope jeusi linaloteleza, na kurudi na ndoo kichwani na dumu mkononi kulinikatisha pumzi. Lakini mbele ya nyumba ulipita mfereji, unatoka juu mlimani, unapita nyuma ya zizi la jirani, unakuja hadi barabarani. Asubuhi moja ya baridi niliwaza kwamba gari halina ulimi. Nikajaza dumu mferejini. Baba akayamimina katika gizagiza la alfajiri bila kuangalia, gari likawaka, likaondoka. Kesho yake nikafanya hivyo tena. Nusu saa niliyoipata niliitumia kucheza rede na wasichana wenzangu njiani kabla ya kengele ya shule. Ilikuwa nusu saa tamu, siwezi kukudanganya.

Baada ya miezi kadhaa gari likaanza kuchemsha.

Mwanzoni ilikuwa kwenye ule mlima wa kutoka Masoko tu. Baba anasimama, anasubiri, anaongeza maji, anaendelea. Kisha likawa linachemsha hata kwenye tambarare. Akamwita fundi.

Huyo fundi alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na shimo lake la kutengenezea magari chini ya banda la bati, na kipande cha sabuni cha kunawia grisi alichokining'iniza kwenye kamba. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye tabia ya kuligusa gari kwanza kabla hajachukua spana. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alitujibu maswali yetu kama watu wazima.

Alikaza mkanda wa feni. Gari likachemsha. Akatoa thamostati, likachemsha. Akabadilisha kifuniko cha rejeta, akafungua hadi hedi ya injini kuangalia gasketi, akaikuta nzima. Siku moja akaliacha gari liwake hadi likapata moto, akalizima, feni ikasimama, ndipo akaweka kiganja kwenye rejeta, juu, halafu chini.

“Juu pa moto, chini pa baridi,” alimwambia baba. “Maji hayazunguki. Ama pampu ya kuyasukuma imechoka, ama rejeta imeziba.” Akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na dumu langu. “Mwanangu, wewe ndiye unayeleta maji. Unayatoa wapi?”

Baba alikuwa pembeni yangu.

“Chemchemi,” nikasema.

“Siku zote?”

“Siku zote.”

Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Basi rejeta haina neno. Maji ya chemchemi ile ni safi kuliko ya bomba. Ni pampu.” Kufungua rejeta ile kulihitaji kuipeleka Mbeya, na maziwa hayasubiri. Kwa hiyo alibadilisha pampu. Alifanya hivyo kwa sababu aliamini neno langu kuliko kiganja chake.

Tangu siku ile nilianza kwenda chemchemini kweli, tena mbio, lakini tope lilikuwa limeshakaa.

Wiki mbili baadaye, mtu mmoja aliyetoka Masoko kwa miguu alikuja kutuambia kwamba pikapu imekufa mlimani. Tulimkuta baba amekaa kwenye jiwe, boneti imefunguliwa, mvuke unapanda. Lilipopatikana gari la kuivuta, jua lilikuwa limeshageuka, na kituoni maziwa yalikataliwa. Yalikuwa yameganda. Baba akawarudishia wenyewe. Nakumbuka akina mama wakimwaga ndoo zao kando ya barabara, mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao alikuwa mama wa rafiki yangu niliyekuwa nacheza naye rede.

Jumapili, baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa, baba alimfuata fundi.

“Wewe si fundi,” akasema kwa sauti ya kusikika na wote. “Umefungua gari langu mara tano, kila mara linarudi baya zaidi. Umewaharibia watu maziwa. Kama kazi huijui, ungesema.”

Fundi alikuwa amevaa suti yake ya kahawia, mikono imesuguliwa lakini kucha bado nyeusi. Hakupandisha sauti. “Ndugu yangu, gari nimelikagua. Kama kuna jambo ambalo sikuambiwa, niambieni.”

Akatuangalia wote. Akaniangalia na mimi, ila hakukawia kwangu kuliko kwa mwingine yeyote. Nikatazama viatu vyangu. Nilihesabu vitundu vya kamba, nakumbuka, vilikuwa kumi na viwili.

Mwezi huohuo fundi wa Mbeya aliifungua rejeta na kutoa tope jeusi lililoshikamana kama ugali wa jana, lina vipande vya majani na mbolea ya ng'ombe, kisha akafunga rejeta nyingine. Baba alitusimulia mezani. Alisema aliyemuuzia gari ndiye aliyelitesa. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Alisimamisha kisu, akaniangalia kwa muda, kisha akaendelea kumenya. Alizoea kutuambia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika miaka thelathini na mbili. Na baba, ambaye sasa alijua kwamba pampu haikuwa na kosa wala fundi hakuwa mjinga, hakwenda kumwomba radhi. Wateja walikuwa wameshahama. Kabla ya mavuno ya maharage fundi akabomoa banda lake, akahamia Suma kwa ndugu wa mkewe.

Siku ile ya mnunuzi wa vyuma sikulala vizuri. Asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Suma, nikauliza, nikaonyeshwa.

Nilimkuta anapukuchua maharage mbele ya nyumba. Amekuwa mdogo, mabega yamelegea.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?”

“Wa mwenye pikapu ya maziwa, Kawetele.”

Mikono ikasimama. “Ile pikapu.” Akaniangalia tena usoni. “Poleni na msiba. Nilisikia. Sikuja.” Kisha, kana kwamba ndiye mwenye deni la kujieleza, akaongeza, “Gari lile lilinishinda, mwanangu. Mpaka leo sielewi. Baada ya pale nikawa nikishika spana mkono unasita, nikaona niache.”

Nikamwambia. Nilipiga magoti kwanza, kama tulivyofundishwa, nikamwambia yote.

“Mfereji upi?” akauliza. “Ule unaopita zizini?”

“Ndiyo.”

“Na mimi nilikuuliza.”

“Uliniuliza, baba.”

“Ukasema chemchemi.”

“Nilisema chemchemi.”

Aligeuka kuelekea mlangoni. “Mama! Toka kidogo, uje usikie.” Mkewe akatoka anafuta mikono kwenye kitenge. “Rudia,” mzee akaniambia.

Nikarudia. Mkewe akasema masikio yake hayasikii vizuri, nipaze sauti. Nikarudia mara ya tatu, kwa sauti, hadi majirani waliokuwa wanapalilia wakainua vichwa.

“Unaona,” mzee akamwambia mkewe, si mimi. “Pampu ilikuwa nzima. Kiganja changu kilisema kweli.”

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba. Aliniuliza jambo moja tu: wale waliokuwepo nje ya kanisa siku ile, wangapi wapo? Tukaanza kuwataja. Mchungaji alishafariki. Mwalimu wa kwaya naye hayupo. Akina mama wa ndoo, mmoja mmoja, wamekwisha, na waliobaki wamehamia kwa watoto wao mijini. Bibi, mama, baba, jirani mwenye zizi. Karibu kila jina tulilotaja lilikuwa la marehemu, na mzee alikuwa akiitikia “mhm” kila mara, hadi akaacha kuitikia.

“Basi waambie waliopo,” akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Jioni niliwaambia kaka zangu. Mkubwa hakucheka tena. Waliopo ni wachache mno, na ndiyo sababu nimekusimulia na wewe.