Hewa ya Ng'ambo

Mama mkwe aliponipigia simu kunialika kijijini kwake nikavute hewa ya ziwa, kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kukata ni kufungua dirisha la jikoni. Ziwa lile pale. Sisi tunakaa Nyegezi, mlimani kidogo, na upepo wa majini huniangushia nguo za kwenye kamba kila siku ya Mungu. Sasa ni hewa gani hiyo ya upande wa Sengerema ambayo imeshindwa kuvuka?

Jioni nikamuuliza mume wangu swali hilo hilo. Akacheka. Akasema samaki wa kule wanatoka majini wanaingia sufuriani, maziwa ni ya ng'ombe ambaye mama yake anamjua kwa sura, na kila mtu wa mjini anayekwenda kupumzika kule anarudi na mashavu. Mimi sikucheka. Tangu niolewe, mama mkwe hakuwahi kunipigia mimi. Alikuwa anampigia mwanawe, halafu salamu zangu zinakuja mwishoni, zikiwa zimepoa. Leo anipigie mimi mwenyewe, aniite nikapumzike. Nani kamwambia nimechoka?

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Nilikuwa na mimba changa, na ukimtoa nesi aliyenipima, waliokuwa wanajua duniani ni mimi na mume wangu. Mimba mbili za kwanza nilizitangaza mapema, kwa furaha, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Zilipotoka, ilinibidi kupokea pole moja moja, sokoni, kanisani, dukani, na nyingi zilikuwa na maswali ndani yake. Ulibeba kitu kizito? Ulikula nini? Kwenu kuna tatizo hilo? Wapo walionipa pole huku wananitazama tumboni. Hii ya tatu nikaapa kwamba sitamwambia mtu mpaka tumbo lenyewe liseme, na mume wangu nikamwapisha pia. Mama yake alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya watu wa kutoambiwa, maana mama mkwe ni mtu wa kwaya na jumuiya, na jambo likishafika kwenye jumuiya limefika.

Nilikwenda. Kukataa mwaliko wa mama mkwe nako ni kutangaza jambo. Tulipinda pale Usagara, tukavuka daraja, na mume wangu akanishusha, akala, akarudi zake mjini kwa ajili ya kazi. Alisema atanifuata baada ya wiki.

Kijiji chenyewe kizuri, siwezi kukisema vibaya. Ila dagaa. Dagaa walikuwa wameanikwa kuanzia ufukweni mpaka karibu na mlango wa kanisa, na harufu yake ilinipanda mpaka kwenye ubongo. Nikajifunika khanga puani nikasema nina mafua. Mama mkwe akaniangalia, akasema, "Pole na mafua." Kisha akahamisha dagaa wake waliokuwa wameanikwa karibu na jiko, akawapeleka nyuma ya zizi, mwenyewe, bila kumwambia mtu sababu. Nilijiuliza, mtu anahamisha dagaa kwa ajili ya mafua?

Kuanzia hapo nikaanza kuhesabu. Nikigusa ndoo, wifi yangu, mdogo wa mume wangu anayeishi pale nyumbani, anaitwa aje aichukue. Nikiinuka kwenda kuosha vyombo, naambiwa nikae, mimi ni mgeni. Lakini mgeni gani? Mara ya mwisho nilipokuwa pale nilitwanga, nilichota, nilipalilia mihogo, na hakuna aliyekumbuka ugeni wangu. Asubuhi napewa maziwa ya moto, mchana mchuzi wa sato na minofu ya tumboni, na mama mkwe anakaa kunitazama ninavyokula mpaka tonge la mwisho. Alisema maji ya ziwa nisiyakanyage kabisa, kuna kichocho. Hata miguu niioshe kwa maji ya kisima.

Kibaya zaidi ni lugha. Mimi ni Mhaya niliyeolewa kwa Wasukuma, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Nikimaliza "mwangaluka" nimemaliza kila kitu. Basi mama mkwe na wifi wakawa wanaongea Kisukuma mbele yangu, kwa sauti ya chini, na mimi nachambua maneno ya Kiswahili yaliyopotelea humo kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Kisukuma, Kisukuma, "mjini", Kisukuma, Kisukuma, "hospitali". Halafu wote wawili wananiangalia na kutabasamu.

Nikampigia mume wangu. Nilikwenda mpaka nyuma ya choo ili nisisikike.

"Umemwambia mama yako?"

"Nimemwambia nini?"

"Usinifanye mtoto. Umemwambia?"

"Haki ya Mungu sijamwambia. Kwani kasema kitu?"

Hakusema kitu, na hilo ndilo lililokuwa linanitia hasira. Sikumwamini mume wangu hata kidogo. Nilimwona kabisa kichwani, kasimama mbele ya mama yake, ameulizwa swali moja tu na amemwaga yote.

Siku moja akaja mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa mwanamume wa makamo, jirani, ambaye kijijini wanamwita dokta ingawa mwenyewe hukataa. Ilikuwa siku ya dawa za kichocho, na alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kopo la vidonge na fimbo ndefu iliyochorwa mistari. Unasimama karibu na fimbo, urefu wako ndio unaoamua unywe vidonge vingapi. Mizani haihitajiki. Vidonge vyenyewe ni vikubwa na vichungu, na ukivinywa na njaa vinakuzungusha kichwa, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa imepika mapema. Kwetu walikuwa wamejaa majirani wa karibu wa pale ufukweni, wengine wamekuja na sahani zao.

Ilikuwa kichekesho. Watu wazima waliokuwa wanatembea kifua mbele, wakifika kwenye fimbo wanakunja magoti chini ya vitenge ili wapunguziwe kidonge. Dokta anawagonga magotini na fimbo, "Nyooka, mama, kwenye ngoma mbona unanyooka?" Watu wanacheka. Wifi yangu alimeza vyake akakunja uso kama aliyeng'atwa. Dokta anasimama mbele yako mpaka umeze, kisha anakuambia ufungue mdomo aone.

Nilikuwa nimerudi nyuma, karibu na ukuta, nikijifanya nasafisha kucha. Akaniona.

"Na wewe mgeni. Njoo."

"Mimi si wa hapa," nikasema. "Nipo wiki moja tu."

"Kichocho hakiulizi kadi ya mpiga kura," akasema, na watu wakacheka tena. "Wageni wote wanakunywa. Umekula?"

Kabla sijajibu akageukia kinamama wote na kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza hivyo nyumba zote za asubuhi, "Nilisahau kuuliza hapa. Kuna mama yeyote mwenye mimba changa? Huyo hatumpi leo, atasubiri kwanza."

Nilichojua ni kwamba nikikataa vidonge, nimetangaza mimba mbele ya nusu ya kijiji. Nikisema naumwa, nitapelekwa zahanati nikapimwe, na majibu ya kipimo hayakai zahanati. Nikimeza, nammezesha na huyu ambaye nilikuwa namlinda hata na jina, maana nilikuwa sijampa jina hata kichwani. Nikaona huu wote ulikuwa mtego. Mwaliko, maziwa, sato, hewa, yote ilikuwa njia ya kunileta kwenye fimbo hii siku hii, ili nijiseme mwenyewe kwa mdomo wangu. Nilimchukia mama mkwe wakati ule kwa moyo wangu wote.

Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, anajikwangua ulimi ili ladha ya dawa itoke. Akasema bila kuinuka, "Huyo alishakunywa."

Dokta akageuka. "Alikunywa wapi?"

"Kule kwao. Kazini kwake waliwagawia."

"Nyegezi wanagawa dawa za kichocho kazini?"

"Wanagawa."

"Mama, mbona sijasikia?"

"Wewe unasikia ya huku," akasema mama mkwe. "Mpime yule anayejificha nyuma ya mtungi."

Watu wote wakageuka kumtafuta anayejificha, na kweli alikuwepo, na kicheko kikahamia huko. Nilibaki ukutani. Nilikuwa namjua mama mkwe kama mwanamke asiyesema uongo hata wa bei ya nyanya. Alikuwa amedanganya mchana kweupe, mbele ya watu anaoimba nao kwaya, na uso wake haukubadilika.

Jioni, tukiwa wawili tu jikoni, nikajaribu. "Mama, pale kwenye dawa..."

"Dawa gani?" akasema, akanisogezea sahani.

Ningekuwa mtu mwingine ningeshukuru. Mimi nilizidi kushuku. Sasa anajua, nikawaza, na kile anachokijua atakidai siku gani? Nilirudi Nyegezi na mashavu kweli, nikamsema mume wangu njia nzima kuanzia pale kijijini mpaka Usagara, na yeye akaendelea kuapa.

Mimba ilitoka wiki chache baadaye. Daktari aliniambia hakuna kitu nilichofanya wala nilichoacha kufanya. Nilimsikia, lakini nilikwisha kuanza kukamata washukiwa: matuta ya barabarani, maziwa, harufu ya dagaa, kilima cha kwenda nyumbani, hasira zangu mwenyewe. Watu tukawaambia nina malaria. Mume wangu alimpigia mama yake kumwambia hivyo hivyo, nikiwa nimekaa pembeni yake namsikiliza neno kwa neno. Malaria, mama. Ndiyo, kali. Hapana, amesharuhusiwa, amelala.

Na pole zikaja, pole za malaria, nyepesi, zisizo na swali ndani yake. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Sikuwa nimejua kwamba ukimficha mtu asijulikane, akiondoka hakuna wa kumlilia isipokuwa nyie mliomficha, na mume wangu alilia bafuni, bomba likiwa wazi, akidhani sisikii.

Siku ya pili baada ya simu ile ya malaria, mchana, mlango wa mbele ukagongwa na sauti ya mama mkwe ikapiga hodi. Hakuwa amesema anakuja. Mume wangu alikuwa kazini. Nikaitikia nikiwa chumbani, nikijaribu kuinuka, maana kwa mila zao mama haingii chumba cha kulala cha mwanawe. Kila alipokuja kwetu aliishia sebuleni, na hata sabuni akiitaka aliletewa. Nilisikia anaweka mzigo chini. Nilisikia hatua zake zinapita sebule. Kisha akasimama mlangoni mwa chumba, vumbi la safari likiwa bado kwenye pindo la kitenge, akavua kandambili, akaingia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuuliza habari ya malaria. Akanishika mguu juu ya shuka, akanitazama, akasema, "Pole na safari, mwanangu."

Yeye ndiye aliyekuwa ametoka safari. Mimi sikuwa nimetoka kitandani. Kila mtu anajua jibu la salamu hiyo, linatoka lenyewe kabla hujafikiri: asante, nimeshapoa. Nilifungua mdomo nilitamke.

"Sijapoa, mama," nikasema.

"Najua," akasema, akapandisha miguu kitandani.