Mume wangu alizika vyuma vya Landrova migombani, mama yangu akangoja gari

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu nao marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Nimesoma humu uzi wa kijana anayejisifu kafumua injini ya gari lake kuukuu kwa kutazama video, eti mafundi wote wezi. Nikacheka mpaka mjukuu akauliza bibi una nini. Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, asiyeamini apite kimya kimya.

Miaka ya vita vya Kagera nilikuwa nimeolewa Bukiriro, Ngara. Kwetu ni Nyarubungo, Biharamulo. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia pale na ng'ombe wao kutoka Shinyanga.

Mume wangu, Baba Deo, Mhangaza wa huko huko Ngara, alikuwa na Landrova kuukuu aliyoinunua kwa bwana mmoja wa kahawa aliyeichoka. Kijiji chetu chote cha ujamaa gari lilikuwa hilo moja. Kichwa kilivyomvimba sitaki hata kusimulia.

Ufundi wake? Aliwahi kuwa utingo wa lori. Basi. Kuweka kigingi nyuma ya tairi mlimani, ndiyo aliita uzoefu wa magari.

Vita ilipoanza, magari ya watu binafsi yakawa yanachukuliwa na serikali kupeleka askari na chakula mbele. Wenzake walitoa. Yeye akajifanya mjanja. Akang'oa kabureta, distributa, dinamo na madude mengine nisiyoyajua, ili wakija wakute mzoga.

Grisi ilikuwa haipatikani, basi akavipaka samli. Samli yangu wakuu, niliyoisuka kwa mikono hii! Akafunga kwenye gunia, akazika migombani.

Wakaja, wakaliona, wakaenda zao. Jioni hiyo alikunywa pombe ya ndizi akijiita komando.

Vita ikaisha, gari likabaki vile vile. Petroli ilikuwa shida, na bwana mwenyewe alikuwa "anajipanga".

Ndipo mwalimu mmoja wa kwetu akaja na ujumbe: mama yako hali si nzuri, anakutaka, usichelewe.

Bahati nzuri lori la ushirika lilikuwa linapakia kahawa pale pale, linapita Biharamulo. Dereva akasema, "Mama, panda, kesho upo kwenu." Nikajifunga mtoto mgongoni, nikapanda. Baba Deo akaja mbio akaniteremsha.

"Mke wangu akae juu ya magunia kama mbuzi, wakwe watanionaje? Gari ninalo. Kesho linawaka." Akamgeukia mwalimu: "Waambie namleta mwenyewe, kwa gari."

Lori likaondoka. Mwalimu naye akaondoka na ujumbe huo.

Tukaenda kufukua. Yesu na Maria! Mbwa walishatutangulia, harufu ya samli iliwaita. Gunia limetafunwa, siafu wamejaa kwenye kabureta, nyaya panya wamezimaliza. Bwana akavichemsha vyuma kwenye sufuria yangu ya ugali. Kuchemsha kabureta kama maharage, jamani!

Kesho halikuwaka. Kesho kutwa halikuwaka.

Gasketi akakata ya ngozi ya mbuzi. Tangi likavuja, akaziba kwa sabuni, na sabuni enzi hizo ulipanga foleni duka la kijiji mpaka miguu ivimbe. Akimaliza kufunga, nati zinabaki mkononi. Namuuliza, na hizi je?

"Hizo za ziada, Wazungu huwa wanaweka nyingi."

Nyoo!

Kila nikisema nitembee kwa miguu, jibu ni "nimebakiza kidogo tu". Wanaume wakamsukumia gari mpaka bondeni. Likakohoa mara moja, likatoa moshi, likanyamaza. Kulipandisha walikataa, wakarudi shambani.

Nikamwacha kainama pale pale. Nikabeba mtoto, nikatembea hadi barabara kuu, nikasafiri kwa lifti za kuungaunga.

Nilikuta kaburi bichi.

Kaka yangu alinipokea, hakunikaripia. Bora angenikaripia. Alisema mwalimu alipofikisha ujumbe mama alifurahi sana, akaomba kitanda kitolewe uani aone barabara. Uji akawa anaugomea, anasema atakunywa na mimi. Gari lolote likisikika kwa mbali ananyanyua kichwa: "Kabula wangu huyo." Hata asubuhi aliyokata roho alikuwa anauliza kama gari limefika.

Baba Deo alitokea matanga yanakaribia kuisha, na baiskeli ya kuazima. Badala ya kutoa pole, akaanza kumweleza kaka: "Shemeji, ilibaki plagi moja tu."

Kaka akamtazama, akamwambia, "Kaa ule."

Nilirudi naye Bukiriro, wakuu. Tukazaa wengine, tukazeeka, na alipougua nilimuuguza mimi mpaka nikamfumba macho. Lakini lile sikumsamehe.

Funzo langu ni dogo. Mnaopenda kufumua magari wenyewe, fumueni mpaka mchoke, gari ni lenu. Ila mfanye siku ambayo hakuna mtu anayelisubiri. Ukiitwa na mgonjwa, panda chochote kinachoondoka, na mwanaume akikuteremsha, panda tena.

Haya, uwanja wenu. Mafundi wa video nitukaneni mtakavyo, nimeshazeeka, hainiumi. Wengine nijibuni kwa ukweli: ingekuwa ni mama yako, ungemsamehe?