Sato Kwenye Meza Nyeupe

Ile nyumba kubwa ya mawe juu ya ziwa sasa ni hoteli. Juzi nilipita getini, jikoni wakikaanga binzari nyembamba kwenye samli, na miguu ikasimama yenyewe.

Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba hiyo. Likizo moja alinichukua niende naye. Kwa kuwa kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu, baba alinifungia sato kwenye kikapu bila mama kujua. Tulipofika nikamweka samaki juu ya meza nyeupe ya jikoni, nikasubiri kusifiwa.

Mama aliingia na beseni, akaganda.

"Umeleta samaki humu? Hawa hawali nyama wala samaki! Leo kazi sina."

Kabla hajamwondoa, bibi mwenye nyumba akatokea, pindo la sari puani.

"Shikamoo, bibi," nikasema, gauni langu likinuka shombo.

"Marahaba. Nani kaleta hii?"

"Mimi. Ni zawadi yako."

Alimtazama sato, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka akashika mlango.

"Mpelekee mlinzi, leo atakula kama bwana harusi. Mama, wewe osha meza tu, halafu endelea na mashuka."

Akatupa binzari kwenye samli ya moto kufukuza shombo, akanipa chapati na dengu. Uani, mama alianika mashuka akiimba Kisukuma.

Wiki iliyofuata nilimpelekea papai. Alilinusa kwanza.