Nusu Kilo Waliyompakazia Mume Wangu

Mume wangu hakuwa mwizi. Naanza na hilo, maana wengine humalizia na hilo kwa kunong'ona.

Alikuwa mpimaji kwenye ghala la kununulia nafaka. Shati lake lilipigwa pasi kila asubuhi, na kabla ya kupokea gunia la kwanza alifuta sahani ya mizani kwa leso yake mwenyewe. Mizani ilikuwa kuukuu, springi imekaza. Mara izidishe kidogo, mara ipunguze. Aliomba fundi mpaka akachoka.

Siku moja meneja alipima magunia mawili, moja moja, kisha yote pamoja. Jumla zikatofautiana nusu kilo.

"Hesabu gani hii? Unatuibia, mzee!" alifoka mbele ya wakulima.

Akafukuzwa. Wapagazi wakambandika jina, Mzee Nusu Kilo. Alikufa nalo, na binti yetu akalirithi shuleni. Ghala likaleta mizani mpya inayojumlisha barabara, watu wakapiga makofi.

Mimi nimefundisha hisabati sekondari, na makofi yale yaliniuma kuliko tusi. Wanahisabati walikwisha kuthibitisha: kipimo kikikosea kujumlisha, lakini kosa lisivuke kiwango kimoja hata mzigo uwe mkubwa vipi, basi karibu nacho kipo kimoja tu kinachojumlisha sawasawa. Unakipata kwa kuongeza mzigo maradufu, tena na tena, kisha unagawa jibu kwa idadi ya mizigo. Ila kujumlisha sawasawa si kusema kweli.

Binti yangu aliporudi na sare imechanika kwa kulipigania jina la baba yake, nilikwenda ghalani na mkokoteni wa mawe manane ya chuma ya kupimia, kila moja kilo ishirini, yenye muhuri wa wakaguzi wa vipimo.

"Itoeni mizani ya zamani."

Meneja akacheka. "Mwalimu, si chuma chakavu kile?"

"Chakavu ni ulimi wako. Itoeni."

Wapagazi wakapakia jiwe moja, mawili, manne, manane. Kosa halikuvuka nusu kilo hata mara moja. Igawe nusu hiyo kwa mawe manane: punje za kumtupia kuku.

Tukahamia mizani mpya. Jiwe moja, kumi na nane. Mawili, thelathini na sita. Manne, sabini na mbili.

"Inajumlisha vizuri?" niliuliza.

"Vizuri sana, mwalimu," akajibu mpagazi.

"Inajumlisha wizi."

"Kilo mbili katika kila ishirini!" mkulima mmoja akapiga kelele. "Na makofi tulipiga, jamani!"

Meneja alinisogelea, jasho likimtoka. "Mama, twende ofisini tuyamalize kiungwana."

"Mume wangu ulimtukania ofisini?"

Nikamkabidhi kipaza sauti cha kuitia foleni. Akaomba radhi huku kidevu kimezama kwenye kola.

"Rudia," nikamwambia. "Walioko nyuma hawajasikia."

Akarudia. Safari hii alimtaja mume wangu kwa jina lake kamili, la kwake na la baba yake.